BARUA YA KAZI YA UMMA SI MALI YA MFUKONI



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tulifundishwa shuleni tukainakili ubaoni, na wengi wetu tulidhani ni habari ya wenye maduka tu. Leo twataka kuwaonyesha kwamba ni habari ya kila mfanyakazi, awe wa reli, wa kaunti, wa shule, au wa kiwanda cha sukari pale Awendo. Kwa maana siku hizi daftari la serikali si kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Daftari ni barua pepe. Na barua pepe hizo maofisa wengi wanaziandika kwa anwani zao wenyewe, Gmail na Yahoo na kadhalika, wala si kwa anwani ya ofisi iliyowaajiri.

Mtu atauliza: Je, chama cha wafanyakazi kina haja gani na anwani za mabwana? Kazi ya chama si mishahara, posho, nyumba na saa za kazi? Twajibu: ndiyo, na kila moja katika hizo husimama juu ya maandishi. Ahadi isiyo na maandishi ni upepo. Na maandishi yaliyo katika mfuko wa mtu mmoja ni kama hayako.

DAFTARI LA STESHENI

Sisi wa Suna hatusikii honi ya treni nyumbani kwetu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 ikaishia ufukoni, na huku kusini ya ziwa tuliletewa meli za reli tu, zikitia nanga Kendu Bay na Homa Bay. Hata hivyo watu wa huku wengi walikula mkate wa reli, na wengine wanaula hata leo. Kwa hiyo tuanze na jambo la reli, na asiye mtu wa reli amwulize jirani yake.

Penye njia moja treni mbili haziwezi kupishana. Kwa hiyo, katika desturi ya njia yetu ya zamani, stesheni masta haruhusu treni kuondoka mpaka apate kibali cha stesheni ya mbele, na kila kibali huandikwa katika daftari pamoja na saa na dakika. Daftari hilo ni la stesheni. Zamu ikiisha, aliyekuwa kazini hutia sahihi akaliacha mezani, na mwenzake anayeingia hulisoma kabla hajafanya jambo lingine lolote. Je, kuna mtu mwenye akili atakayeandika habari za treni katika kijitabu chake cha mfukoni, kisha aende nacho nyumbani kulala? Akifanya hivyo, anayeingia zamu hajui kama njia ina treni au haina. Na siku ya ajali watu watalifungua daftari, nalo litakuwa jeupe.

Ofisa wa serikali anayefanya kazi ya umma kwa anwani yake ya siri amefanya neno hilo hilo. Ameandika habari za treni katika kijitabu cha mfukoni.

BALOZI ALIYEKUWA NAIROBI

Jambo hili si la kubuni, na mfano mkubwa ulitokea hapa hapa Kenya, ingawa ofisi yenyewe ilikuwa ya wageni.

Mwaka 2011 Marekani ilimleta Nairobi balozi mpya, Scott Gration, jenerali mstaafu wa jeshi la anga. Hakuwa mgeni kabisa. Alikuwa mtoto wa wamisionari, alikulia Kongo na Kenya, na Kiswahili anakijua. Lakini ofisini alitaka kutumia barua pepe ya binafsi kwa kazi ya serikali yake. Wizara yake huko Washington ikamwambia mwaka ule ule kwamba haifai. Hakuacha. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani alitoa ripoti yake Agosti 2012. Akaandika kwamba balozi alitunga mwongozo wa kujiruhusu yeye na wenziwe kutumia barua pepe za kampuni za nje kwa kazi ya kila siku, na kwamba alitaka awekewe ofisini intaneti ya kununuliwa, isiyoungana na mitambo ya wizara.

Hapa wafanyakazi tutazame vizuri ni nani waliotaabika. Ni mafundi na makarani wa mitambo ya ofisi ile. Ripoti yenyewe ilisema wamewekwa njia panda. Wakimtii balozi, wamevunja amri ya wizara; wakiitii wizara, wamemkaidi bwana wao anayewaona kila asubuhi. Mkubwa akivunja sheria, mdogo ndiye anayeshika ncha kali ya kisu.

Gration alitangaza kujiuzulu mwisho wa Juni 2012, akaondoka Julai kabla ripoti haijatoka. Haki ya mtu lazima isemwe: yeye mwenyewe alieleza kwamba yeye na Washington hawakupatana juu ya namna yake ya kuongoza na mambo aliyoyatanguliza. Tena ripoti ile ilikuwa na malalamiko mengine mengi juu ya uongozi wake, si barua pepe peke yake. Lakini mwaka 2016 Mkaguzi Mkuu alieleza wazi kwamba wizara ilikuwa imekwisha kuanza kumchukulia hatua za nidhamu, na neno la barua pepe lilikuwa mojawapo, ila alijiuzulu kabla hajahukumiwa.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mnamo Juni 2011, wakati huo huo balozi alipokuwa akikatazwa, waraka ulitumwa kwa balozi za Marekani duniani kote kuwaonya watumishi wasifanye kazi ya serikali kwa barua pepe zao wenyewe. Chini ya waraka, kama ilivyo desturi yao, palikuwa na jina la waziri, Hillary Clinton. Na waziri huyo huyo, tangu 2009 hata alipoondoka kazini 2013, alikuwa akifanya kazi yake ya barua pepe kwa anwani ya binafsi, katika kompyuta iliyowekwa nyumbani kwake jimbo la New York! Habari hii ilijulikana kwa watu wote Machi 2015, ilipoandikwa katika gazeti la New York Times. Barua kama 30,000 zilikuwa zimerudishwa serikalini Desemba 2014, na nyingine kwa hesabu ya maelfu hayo hayo zilisemwa kuwa ni za nyumbani, hazikuhifadhiwa. Julai 2016 mkuu wa upelelezi, James Comey, alisema waziri na wasaidizi wake walikuwa wazembe kupita kiasi, lakini hakushauri ashtakiwe. Wala lisiwe neno la chama kimoja cha siasa. Ripoti ya 2016 iligundua kwamba Colin Powell wa chama cha pili, alipokuwa waziri wa wizara hiyo, naye alitumia barua pepe yake mwenyewe.

Basi balozi aliandikiwa, waziri hakuandikiwa. Mfanyakazi wa reli anaijua hadithi hii bila kufika Marekani. Gadi akichelewa dakika 5 hupewa barua ya kujieleza. Bwana mkubwa akichelewa siku 5, watu huambiwa yuko mkutanoni.

Uingereza nako ni hivyo hivyo. Tarehe 19 Oktoba 2022 waziri wa mambo ya ndani, Suella Braverman, alijiuzulu kwa sababu alituma karatasi ya serikali kwa barua pepe yake binafsi. Siku 6 baadaye alirudishwa katika kiti kile kile. Tuulizane, karani wa ofisi ya kaunti akifukuzwa kwa kosa kama hilo, atarudishwa baada ya siku 6?

TOFAUTI YA ANWANI MBILI

Wengine watasema barua ni barua, kuna tofauti gani ikipita huku au kule? Tofauti ni kubwa, na yafaa kila mwanachama aielewe.

Anwani ya serikali yetu huishia na herufi go.ke. Anwani ya namna hiyo hapewi mtu yeyote wala kampuni, ni ya ofisi za serikali tu. Ofisa akihamishwa, akistaafu au akifa, sanduku lake la barua hubaki kwa mwajiri. Anayeingia mahali pake hupewa ufunguo, husoma yaliyopita, kazi inaendelea. Mkaguzi wa hesabu akija, lipo. Mahakama ikiagiza, lipo.

Anwani ya binafsi ni ya mtu. Neno la siri liko kichwani mwake. Barua zenyewe zimehifadhiwa katika kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo, wala ofisi haina mkataba nayo wala amri juu yake. Akiondoka ameondoka nayo. Akigombana na mwajiri anaweza kuzifuta zote usiku mmoja. Akifa, amezikwa nazo.

Tena kuna hatari ya wezi. Mtu yeyote anaweza kufungua anwani ya Gmail kwa jina lolote katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Siku maofisa wa kweli wanapoandika kwa Gmail, raia atamjuaje mwongo? Kijana wa Suna anayetafuta kazi anapata barua kwamba ameitwa kazini, alipe shilingi elfu mbili tatu za kupimwa na daktari. Anatazama anwani, ni Gmail yenye jina la ofisi. Atashuku nini, ikiwa tangazo la halali alilolisoma juzi ukutani nalo lilikuwa na Gmail? Tembeeni katika ofisi zetu za Migori na Homa Bay, someni matangazo ya kazi na ya zabuni yaliyobandikwa, mtaona wenyewe. Hatutaji ofisi, kwa maana ugonjwa ni wa nchi nzima.

KARATASI NDIYO UTUMISHI WAKO

Sasa tuje kwa neno linalotuhusu zaidi.

Reli yetu imebadilisha mikono mara nyingi. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja la Afrika ya Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na mwaka 1978 likaundwa Shirika la Reli la Kenya. Novemba 2006 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, na mwaka huo huo ukaundwa mfuko wa malipo ya uzeeni ya wafanyakazi wa reli. Mwaka 2017 kampuni ile ikanyang'anywa, kazi ikarudi kwa Shirika. Kila mara hizo mfanyakazi alibaki pale pale na nyundo yake, lakini faili lake lilisafiri. Na anayedai malipo ya uzeeni haulizwi jasho lake lilikuwa kiasi gani. Huulizwa karatasi. Barua ya kuajiriwa iko wapi? Barua ya kupandishwa daraja? Ya uhamisho? Kama haipo, miaka hiyo huwa kama hakuifanya.

Wazee wetu wa zamani za karatasi waliteseka kwa sababu mafaili yaliliwa na mchwa. Sisi wa siku hizi tunaandaliwa mateso mapya. Mchwa huacha hata vumbi. Anwani iliyofungwa haiachi kitu.

Mwandishi wa maneno haya aliwahi kupeleka madai ya posho ya uhamisho katika ofisi moja. Akaambiwa ayatume kwa barua pepe ya ofisa mmoja, na ilikuwa ya binafsi. Akatuma, akajibiwa vizuri kwamba yamekubaliwa, yanangoja saini. Baadaye ofisa akahamia kwingine. Aliyeingia mahali pake akasema hajui habari hiyo, mezani hakukuta kitu. Hakusema uongo, kweli hakukuta kitu. Nakala yetu ndiyo iliyotuokoa, tena baada ya miezi mingi. Je, asiyekuwa na nakala angefanyaje?

Waliosoma shule za misheni watakumbuka habari ya Mordekai. Alimwokoa mfalme, hakupewa kitu, na watu wakasahau. Usiku mmoja mfalme alikosa usingizi akaagiza asomewe kitabu cha kumbukumbu, na humo jina la Mordekai likaonekana. Kama yule karani angaliandika neno lile katika kitabu chake cha nyumbani, Mordekai angalikufa maskini.

KARATASI ZILIZOFICHWA HUZUNGUMZA SIKU MOJA

Serikali kuficha karatasi si jambo jipya. Wakoloni walipokuwa wakifunga mizigo mwaka 1963, walichoma mafaili mengine, na mengine wakayasafirisha kwa siri mpaka Uingereza. Mafaili kama 1,500 ya Kenya yalikaa huko karibu miaka 50, mwishoni katika jumba la Hanslope Park. Wazee walioteswa katika vita vya Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza mahakamani London, ikabidi serikali hiyo ikiri mwaka 2011 kwamba mafaili yapo. Yakafunguliwa. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitamka majuto yake, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228.

Fikirini jambo hili. Wazee wale walisaidiwa na karatasi za watesi wao wenyewe! Mkoloni pamoja na ubaya wake alikuwa na desturi moja: aliandika, na alichoandika kilikuwa cha ofisi. Kama magavana na madisii wangaliandikiana kwa anwani za mifukoni, ushahidi ule tungaliutafuta wapi?

Tazameni tena mambo ya reli mpya. Mikopo ya kujenga reli ya Mombasa na Nairobi ilitiwa saini Mei 2014, na treni ya abiria ikaanza 2017. Mikataba ikafichwa. Wananchi wawili, Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, waliiomba kwa barua, hawakupewa; wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na Mei 2022 jaji akaamuru wapewe. Novemba 2022 waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akatoa hadharani mikataba ya mikopo. Hatusemi mambo haya yalikuwa ya barua pepe. Twasema hivi: mikataba ile ilipatikana kwa sababu ilikuwa ofisini. Ilikuwa na mahali pa kudaiwa. Mahakama ikiiamuru ofisi itoe karatasi, nayo ofisi ikajibu kwa kweli kabisa, hatuna, zilikuwa katika simu ya bwana fulani aliyekwisha kuondoka, amri hiyo itafanya nini?

SHERIA IPO

Msidhani hatuna silaha. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 232 kinawataka watumishi wa umma wafanye kazi kwa uwazi. Sheria ya Kupata Habari ilitungwa mwaka 2016, na ndani yake mna maneno haya ambayo kila mwanachama ayashike.

Ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika atasema kwa mdomo, na ofisa anapasa kumwandikia. Hulazimiki kueleza unaitakia nini habari. Kupeleka ombi hakulipiwi ada, gharama ni ya kunakili tu. Ofisi inapasa kutoa uamuzi kabla ya siku 21 kupita, na ikiwa ni habari ya uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Ukikataliwa, una siku 30 za kupeleka neno lako kwa tume ya malalamiko ya umma, ile iitwayo Ofisi ya Ombudsman. Na mtu anayeharibu au kuficha maandishi kwa kusudi la kumnyima mwombaji haki yake, amefanya kosa la jinai.

Tena kuna sheria ya mwaka 1965 juu ya nyaraka za taifa. Hiyo inakataza kuharibu maandishi ya serikali bila idhini ya mkurugenzi wa nyaraka. Basi twauliza: ofisa anayefuta barua za kazi katika anwani yake, idhini ameipata kwa nani?

Mwajiri mjanja atajibu kwamba barua za anwani ya binafsi si za ofisi. Uingereza walikwisha kulijibu neno hilo. Desemba 2011 kamishna wao wa habari alitoa mwongozo kwamba barua ikiwa ni ya kazi ya umma, iko chini ya sheria ya habari hata kama imepita katika anwani ya mtu binafsi. Kinachotazamwa ni kazi iliyomo ndani, bahasha haitazamwi. Hata nguo ya reli ukiiweka katika sanduku lako la nyumbani, bado ni nguo ya reli.

Jirani zetu nao wameanza kutengeneza. Tanzania ilitunga Sheria ya Serikali Mtandao mwaka 2019, na serikali yao ina mtambo wake yenyewe wa barua pepe za watumishi. Uganda nako serikali imejenga mtambo wa namna hiyo. Hatuoni kwa nini Kenya inayojisifu kwa mambo ya kompyuta ishindwe kumpa kila ofisa, hata yule wa kata ya mwisho kule Muhuru Bay, anwani moja inayofanya kazi.

KARANI MDOGO ASITOLEWE KAFARA

Hapa yapasa tuseme neno la haki. Si kila atumiaye Gmail ni mwizi. Wengi ni wafanyakazi kama sisi. Ofisi haikuwapa anwani. Au iliwapa, lakini sanduku limejaa, na fundi hajaja tangu mwaka jana. Umeme umekatika, kompyuta ni moja kwa watu sita, na bwana yuko Nairobi anataka ripoti kabla ya saa kumi. Karani afanye nini? Anatoa simu yake aliyoinunua kwa mshahara wake, ananunua bando kwa shilingi zake, anatuma kazi ya serikali. Badala ya kumshukuru, kesho watamshtaki.

Hili ni jambo la chama kabisa. Mwajiri anayekutaka utumie simu yako na bando lako kwa kazi yake amekukata mshahara bila kusema. Fundi wa reli hanunui koleo lake mwenyewe ili akaze misumari ya njia. Kwa nini karani anunue chombo chake? Tena anwani ikiwa ni yako, amri hukufuata mpaka kitandani, usiku na Jumapili, wala hakuna anayehesabu saa hizo.

Kwa hiyo tukidai adhabu, ianze juu. Aliyeagiza ajibu kwanza, kisha ndipo aulizwe aliyetumwa. Mambo ya ubalozi ule wa Nairobi yawe fundisho.

TUNAYOYADAI

Chama kiyachukue maneno haya manne katika mazungumzo na waajiri wa umma wote, wa serikali kuu na wa kaunti:

1. Kila mtumishi ambaye kazi yake ni ya kuandikiana apewe anwani ya ofisi inayofanya kazi, pamoja na chombo na bando la mwajiri. Asiyepewa asiadhibiwe.

2. Barua yoyote ya kuajiri, kupandisha daraja, kuhamisha, kuadhibu au kusimamisha mfanyakazi isihesabiwe kuwa halali mpaka itoke katika anwani ya ofisi au katika karatasi yenye sahihi na muhuri, na nakala iingie katika faili.

3. Barua ya kazi ikilazimika kupita katika anwani ya binafsi au katika WhatsApp, inakiliwe katika anwani ya ofisi siku hiyo hiyo.

4. Ofisa anayeondoka, mkubwa kwa mdogo, akabidhi barua zake kama vile anavyokabidhi funguo na gari. Asipokabidhi, asipewe cheti cha kuondoka.

Si madai makubwa. Hayahitaji mkopo wa Uchina.

KILA MWANACHAMA AFANYE HIVI

Wakati tunangoja, tusikae bure. Ukiambiwa umwandikie ofisa kwa anwani yake ya binafsi, omba kwa heshima anwani ya ofisi. Kama hana, mwandikie, lakini peleka na karatasi mbili mezani, moja wakupigie muhuri wa kupokea urudi nayo. Ukiagizwa kwa mdomo au kwa simu, andika barua fupi: kwa agizo lako la leo, saa fulani, nimefanya hivi. Mkulima wa miwa wa Awendo haachi karatasi ya mizani, kwa maana anajua malipo yako humo. Wewe nawe usiache yako.

Tena ijueni Sheria ya Ajira ya 2007. Mwajiri anapasa kumpa mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi na kuyahifadhi. Likitokea shauri mahakamani, mwajiri akashindwa kuyaonyesha, mzigo wa kukanusha maneno ya mfanyakazi ni wa mwajiri. Lakini usitegemee hilo peke yake. Mwenye karatasi mkononi halali njaa akingoja mzigo wa mwingine.

Wazee waliotutangulia waliujua uzito wa maandishi. Oktoba 1962 vyama vya wafanyakazi, waajiri na serikali walitia sahihi Mapatano ya Mahusiano ya Kazi, na waziri wa kazi wakati huo alikuwa Tom Mboya, mwana wa Rusinga, jirani yetu hapa Homa Bay. Hawakuridhika na kupeana mikono na kucheka mbele ya wapiga picha. Waliandika, wakatia sahihi, na kila upande ukabaki na nakala yake. Ndiyo sababu hata leo, miaka zaidi ya 60 baadaye, tunaweza kumwonyesha mwajiri kidole tukasema: mliahidi.

Watoto wetu nao watahitaji kidole cha kuonyeshea. Ahadi zinazotolewa leo kwa wafanyakazi wa Suna, wa Kisumu na wa Mombasa zinaandikwa katika barua pepe. Tukiziacha zikae katika mifuko ya watu, siku watoto watakapouliza hakutakuwa na faili la kufungua.

Tawi lolote lililo na mfano wa jambo hili, liandike likauleta kwa katibu kabla ya mkutano ujao. Liandike, twasema. Lisije kutusimulia kwa mdomo.

Umoja ni nguvu.

Mhariri